Siku Moja Kariakoo kwa Noti ya Elfu Tano

(Mazungumzo ya mwanachama wetu, mtumishi wa Serikali, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi waliopo shuleni.)



Katibu wetu aliponiandikia alipendekeza niseme juu ya wajibu wa msomi katika maendeleo ya taifa. Nilimjibu kwamba mada hiyo ni nzuri, ila sisi tuliopita hapa tuliisikia karibu kila mahafali, na wengine waliisikia wakiwa wamefumba macho. Nikaomba niseme juu ya jambo dogo zaidi, ambalo litawapata wengi wa vijana hawa kabla hawajawa wasomi: siku ya kwanza ya kuingia Kariakoo ukiwa mgeni, na mfukoni huna kitu cha maana.

Watu waliotembea ng'ambo hupenda kusimulia mitaa ya Wachina. London upo, San Francisco upo, hata Singapore upo, ingawa huko Wachina ndio wengi katika nchi nzima. Mgeni mwenye fedha kidogo huelekezwa huko kwa sababu chakula ni rahisi, vitu vya kununua ni tele, na kutazama ni bure. Dar es Salaam haina mtaa wenye jina hilo. Lakini bakuli, kufuli, kandambili, maua ya plastiki na taa za sola zilizomo katika nyumba zetu huku, kuanzia Kabanga mpaka Nyakanazi, nyingi zilitoka China zikapitia Kariakoo. Kwa hiyo mtaa wa Wachina wa Mtanzania, kama anao, ni Kariakoo, na sehemu kubwa ya Wachina wake ni Wachagga, Wakinga na Wapemba.

Mimi niliingia Kariakoo mara ya kwanza Oktoba 2003, siku ya Jumamosi. Nilikuwa nimefika Dar siku sita kabla, kuanza masomo pale Mlimani. Vijana wa leo mnapanda basi Ngara na kushuka Dar. Sisi tulipanda basi mpaka Kahama, gari jingine mpaka Isaka, na kutoka hapo treni, ukilala ukiamka, ukilala ukiamka, mpaka unaanza kuamini kwamba bahari ni habari ya kubuni. Fedha ya kujikimu ilikuwa haijatoka. Nilikuwa na noti moja ya shilingi 5,000 na orodha: ndoo yenye mfuniko, kufuli la kabati, na kikokotoo, maana somo la takwimu lilikuwa linaanza Jumatatu na mwalimu alikwisha kusema kwamba vidole havikubaliki.

Mwenzangu wa chumbani, mwenyeji wa Tanga, alinipa mafunzo. Fedha igawe sehemu mbili, moja uiweke mahali ambapo hata wewe utapata taabu kuifikia. Asubuhi na mapema, kwa sababu mwuzaji hapendi kumwachia mteja wa kwanza aondoke mikono mitupu. Na usitaje bei kwanza, hata akikushika mkono.

Nauli ilikuwa shilingi 150. Daladala inapotoka Ubungo kushika Barabara ya Morogoro, upande mmoja unakutana na kiwanda cha nguo cha Urafiki. Kiwanda hicho kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na wengi wetu tulibebwa mgongoni kwa khanga zake. Ndipo nikatambua kwamba mgeni nilikuwa mimi. Mchina alikuwa amefika zamani. Mwalimu Nyerere alizuru China mwaka 1965, na miaka mitano baadaye ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza, kilometa 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Wachina zaidi ya 60 waliokufa kwenye kazi katika nchi yetu wamezikwa Gongo la Mboto, nje kidogo ya jiji. Kizazi hicho cha Wachina kilikuja na koleo na kofia, kikaondoka. Kile nilichokwenda kukiona Kariakoo kilikuja na masanduku ya bidhaa, na hakikuwa na tarehe ya kuondoka.

Nilishuka Msimbazi saa mbili kasoro. Sitawadanganya vijana: mtu aliyezoea mnada wa kijijini hushtuka. Siyo wingi wa watu tu. Ni kwamba kila mtu anajua anakokwenda isipokuwa wewe, na wewe umesimama katikati ya njia yao. Mikokoteni inapita, wapagazi wanapiga kelele wapishwe, na kijana aliyevaa suruali kumi begani anakwambia, "Ingia, mjomba, ingia," wakati hakuna mlango wa kuingia.

Nilinunua chai na maandazi mawili kwa shilingi 200, nikaketi, nikasoma vibao. Hii naipendekeza kwa mgeni yeyote asiye na fedha. Mitaa ya Kariakoo ni kitabu cha historia kilichofunguliwa wazi: Msimbazi, Congo, Swahili, Nyamwezi, Pemba, Mafia, Likoma, Aggrey, Livingstone, Lumumba. Niliutafuta Mtaa wa Wahangaza, sikuuona.

Jina lenyewe la Kariakoo ni kaburi la watu wasiojulikana. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya wapagazi wao wa vita, kikosi walichokiita Carrier Corps. Midomo yetu ikalifanya jina hilo Kariakoo. Wapagazi hao walitoka kote Afrika Mashariki, wakabeba risasi na unga wa askari vichwani, na makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi.

Na kuna jambo jingine ambalo sikulijua siku ile, nililisoma baadaye. Mitaa ya Wachina huko duniani aghalabu haikuanza kwa hiari ya Wachina. Singapore, ramani ya Waingereza ya mwaka 1822 iliwatengea upande wao wa mto. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1882 ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie, na sheria hiyo haikufutwa mpaka 1943. Waliokuwa ndani walijikusanya mahali pamoja kwa sababu kwingine walifukuzwa au walipigwa. Basi Kariakoo nayo ni hivyo hivyo. Wakoloni waliligawa jiji: Uzunguni, Uhindini, na Uswahilini. Kariakoo ilikuwa ndiyo sehemu ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati yake na Uhindini ili watu wasichanganyikane. Leo ukitaka kumwona mtu wa kila namna, kuanzia Mkomoro mpaka Mkongo wa Lubumbashi, nenda pale pale palipotengwa ili tusichanganyikane.

Narudi kwenye noti yangu. Ndoo nilipata kwa shilingi 900, kufuli 400. Sikuingia haraka kununua kikokotoo, kwanza nikaenda kulitazama soko kuu. Jengo lile lilichorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake lilifanana na miavuli mikubwa iliyogeuzwa juu chini, na haikuwa kwa urembo tu: maji ya mvua yalikusanywa humo yakateremka mpaka kwenye tangi. Chini ya ardhi kulikuwa na ghorofa nzima ya wauzaji wa jumla. Nilishuka, nikakuta giza la baridi lenye harufu ya vitunguu na mbegu, nikajisikia nyumbani. Soko hilo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na atakayekwenda sasa hataliona kama nilivyoliona mimi.

Pale nje, nilimwona mtu mzima mwenye koti zuri akifungua boksi la simu aliyoinunua dakika tano kabla. Ndani ya boksi mlikuwa na kipande cha sabuni, kimekatwa vizuri kwa kipimo cha simu. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliinusa, akaiweka mfukoni, akaondoka. Nadhani alifulia.

Duka la kikokotoo lilikuwa katika kichochoro karibu na Mtaa wa Swahili. Mwenyewe alikuwa mama wa Kichina, umri wa kama miaka 35. Nilikuwa sijawahi kusimama karibu na Mchina. Kiswahili chake kilikuwa maneno kama kumi, na mawili kati yake yalikuwa "rafiki" na "hapana". Nikanyoosha kidole kwenye kikokotoo. Akakichukua, akabonyeza 3500, akanigeuzia. Nikatikisa kichwa. Akanipa mimi kile kikokotoo. Sikuelewa. Akanionyesha kwa kidole kwamba niandike bei yangu. Nikaandika 1000. Akacheka mpaka akafunika mdomo, akafuta, akaandika 2800. Tukaendelea hivyo, kikokotoo kikienda na kurudi kama barua, mpaka tukafika 1800. Mimi naamini hakuna mahali ambapo kikokotoo kimewahi kujaribiwa vizuri zaidi kabla ya kununuliwa.

Wakati ananitafutia chenji niliona daftari kando yake. Lilikuwa daftari la shule, la mistari, kama haya yenu. Upande mmoja maandishi ya Kichina, upande wa pili amechora vitu: ndoo, mkasi, kiatu, na chini ya kila kimoja alama za Kichina za kumsaidia kutamka jina lake la Kiswahili. Alikuwa anasoma. Saa nne ya asubuhi, katikati ya kelele zile, mtu mzima alikuwa anafanya kazi ya darasa la kwanza.

Kijana wake wa kumsaidia ndiye aliyenisemesha. Alisikia nilivyotamka "shilingi", akaniuliza kwa lugha yetu kama natoka Ngara. Alikuwa wa Rulenge. Ndugu zangu, mtu wa kwenu akikusemesha kilugha katikati ya Kariakoo, unapata kiwewe. Tukashikana mikono mno. Jirani wa duka la pili, ambaye alikuwa akitutazama, akasema kwa sauti ya kawaida tu, bila ubaya wowote: "Kumbe ninyi ni Warundi."

Kijana wa Rulenge hakukasirika. Aliniambia, "Kaka, hilo utalizoea. Huyu mama wanamwambia arudi kwao, na mimi wananiambia nirudi kwetu. Tunafanya kazi duka moja."

Hapa nitasimama kidogo, Ndugu Mwenyekiti, maana sisi wa Ngara na Biharamulo neno hili la mgeni na mwenyeji tunalijua kwa pande zote mbili. Mwishoni mwa Aprili 1994 mimi nilikuwa na miaka 13. Kwa muda wa siku moja na kitu, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, wakakaa Benaco. Porini palizuka mji mkubwa kuliko mji wowote niliokuwa nimeuona, wenye vinyozi, mafundi baiskeli, na soko. Mama yangu aliuza ndizi kwenye soko lile, akanunua blanketi ambalo nililala nalo katika bweni la shule hii. Kuni ziliisha vilimani, na wizi ulizidi. Yote mawili ni kweli, blanketi na wizi, na nimechoka na watu wanaosimulia moja tu. Kisha mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga, ni nani kati yetu ambaye hakuhakikisha vyeti vya wazee wake viko karibu?

Mchana nilikula wali na maharage kwa mama ntilie, shilingi 500. Niliporudi Mlimani, nauli ikiwa imelipwa, nilikuwa na shilingi 900, ndoo, kufuli na kikokotoo. Kikokotoo hicho kilifanya kazi miaka minne.

Naomba dakika chache niseme yaliyofuata, maana vijana watauliza, na mmoja ameniuliza leo asubuhi: je, Wachina wanatunyang'anya maduka?

Januari 2011 Serikali iliwapa siku 30 wageni waliokuwa wakifanya biashara ndogo Kariakoo waiache. Baadhi waliondoka, baadhi walipanda ghorofani kuuza kwa jumla, baadhi waliendelea kwa majina ya watu wengine. Julai 2025 ikatoka amri nyingine iliyo wazi zaidi, yenye orodha ya biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, zikiwemo kuuza bidhaa kwa rejareja na jumla isipokuwa katika maduka makubwa ya kujihudumia, uwakala wa kutuma fedha kwa simu, na ufundi wa simu. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na siisemi kwa sababu ya utumishi tu: naiona sababu yake. Mtu mwenye kiwanda au ndugu wa kiwanda huko kwao, anayeleta kontena zima kisha akauza kandambili moja moja mlangoni, hashindani na machinga. Anamfuta. Machinga mwenyewe amekwisha kuondolewa pembezoni mwa barabara mwaka 2021 akapelekwa maeneo aliyopangiwa, na mtaji wake ni mzigo wa siku moja. Ikiwa sheria haitamlinda huyu, sijui itamlinda nani.

Lakini sheria inataja biashara na leseni. Haimtaji mama mwenye daftari la mistari. Nimewasikia watu wazima, wasomi, wakipokea amri ile kana kwamba wamepewa ruhusa ya kumzomea mtu barabarani. Hiyo haimo katika orodha ya 15. Nimeisoma yote.

Na kijana wa Rulenge? Alikaa na yule mama miaka mitano. Alijifunza Kichina cha bei, kisha Kichina cha kusafiri. Mwaka 2009 alikwenda Guangzhou mwenyewe kufuata mzigo, na tangu hapo amekwenda mara nyingi kuliko nilivyokuja mimi Ngara. Aliniambia kwamba kule kuna mtaa uitwao Xiaobei ambako Waafrika ni wengi, unapata ugali, unapata kinyozi anayejua nywele zako, na Wachina wenyewe wanakwenda kushangaa. Yaani tuna mtaa wetu huko, kama wao walivyo na wa kwao. Nilimwuliza siku ya kwanza ilikuwaje. Alisema aliingia dukani, akabonyeza kikokotoo, akamgeuzia mwuzaji.

Aprili 2020, wakati wa Korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa katika nyumba walizopanga na kukataliwa mahotelini, ati wao ndio waliobeba ugonjwa. Yeye alikuwa huko. Alinipigia simu usiku, akiwa ameketi na begi lake kwenye ngazi za jengo ambalo alikuwa amelipia kodi. Hakusema mengi. Aliyemfungulia mlango saa tisa usiku alikuwa mwenye duka aliyezoea kumwuzia vifuniko vya simu, akamlaza juu ya maboksi siku nne. Sasa anafanya biashara yake Kariakoo kwa jina lake mwenyewe. Ile amri ya Julai inamfaa yeye moja kwa moja, na anaiunga mkono. Hata hivyo katika duka lake mtu akimwita mteja "Mchina" au "Mrundi" kwa dharau, anamwonyesha mlango. Nimeshuhudia.

Sasa ya matumizi, kwa mtakaomaliza Kidato cha Sita. Basi litawashusha Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, siyo Ubungo kama wanavyosema kaka zenu wa zamani. Mwendokasi umekuwapo tangu 2016, na kutoka Kimara unafika Kariakoo kwa gari moja, shuka Msimbazi au Gerezani. Nendeni Jumamosi asubuhi kabla ya saa tatu. Jumapili maduka mengi hufungwa. Msikae chini ya jengo linalochimbwa au kubomolewa: Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka pale na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, wengi wao wakiwa kazini. Simu fungueni boksi kabla ya kutoa fedha. Kuleni kwa mama ntilie mwenye foleni. Na mkimsikia mtu anaongea kama wa kwetu, msalimieni.

Tawi letu la Dar limepanga watu wawili wa kuwapokea wageni kila mwaka vyuo vinapofunguliwa. Namba zao anazo Makamu Mkuu wa Shule, na zimebandikwa pia nje ya bwalo. Mmoja wa hao wawili ana duka karibu na Mtaa wa Swahili, na amesema kikokotoo cha kwanza atawapunguzieni bei, ila mtaandika yenu kwanza.